Bledi ya Meno Machache

Siku tuliyompoteza Bwana Swaleh nilifika Bondeni nikiwa nimechelewa. Niliondoka Naivasha mara tu nilipopigiwa simu, lakini watu wa dini yake hawacheleweshi maziko, na nilipoingia uani wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini, viatu vyao vyeupe kwa vumbi la Nakuru. Bi Mwanaidi, mjane wake, alikuwa ameketi sebuleni katikati ya kinamama. Alinishika mikono, tukalia kidogo, kisha akaniambia, "Nenda jikoni ule, mwanangu. Wewe hapa ni kwako." Nikaenda. Nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai ya tangawizi, nikiangalia masufuria makubwa yaliyoazimwa kwa majirani, mlango wa nyuma ulipofunguka akaingia mzee mwenye ndevu za kijivu na koti la suti. Ilinibidi niuangalie mkono wake wa kulia ndipo nikamjua. Ni Njoroge, niliyefanya naye kazi katika karakana ya Bwana Swaleh ujanani. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi. "Jero," akasema. Tulitoka tukaketi kwenye ngazi za nyuma. Akaniuliza, "Unakumbuka ule mwaka?" Nikamwambia, "Kwani kuna mwaka mwingine?"

Jinsi nilivyofika Nakuru na watu niliowaacha nyumbani nitayaeleza mahali pengine. Hapa naanzia mlangoni mwa ile karakana, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, kwa sababu ndipo nilipoanza kuwa mtu ninayemtambua. Ilikuwa banda refu la mabati nyuma ya nyumba ya Bwana Swaleh, na ukuta wake mmoja ulikuwa pia ukuta wa jikoni kwa Bi Mwanaidi. Katika ukuta huo kulikuwa na dirisha dogo lisilo na kioo. Hapo ndipo chakula cha mchana kilipopitia: wali na maharagwe siku nyingi, ugali na sukuma siku nyingine, na Ijumaa pilau ambayo harufu yake ilianza kutusumbua tangu asubuhi. Tulikula tukiwa tumeketi juu ya mbao, Waislamu na Wakristo pamoja, vumbi la saiprasi likiwa kwenye nyusi. Niliajiriwa kupiga msasa na vanishi, kwa kuwa hizo ndizo kazi alizopewa mwanamke katika karakana za wakati huo. Lakini Njoroge, aliyekuwa mtu wa mashine, hakuwa na choyo. Kila alipopata nafasi aliniita kwenye msumeno wa meza akanionyesha: simama pembeni ya mbao, usisimame nyuma yake, sikiliza mota, mkono usitangulie akili. Ndani ya miezi michache nilikuwa nakata vipande vifupi peke yangu, na Bwana Swaleh aliyaona hayo akanyamaza, jambo ambalo kwake lilikuwa ruhusa.

Mwanzoni mwa mwaka ule tulipata kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Shule moja ya bweni ya wasichana, upande wa Kabazi, ilitaka meza ndefu za bwalo la chakula. Kila meza ilitakiwa kuunganishwa kwa mbao kadhaa za saiprasi zilizogundishwa ubavu kwa ubavu. Kazi kama hiyo siri yake iko kwenye ubavu wa mbao. Ukipasua mbao kwa urefu na ubavu ukatoka na makovu, gundi haishiki sawasawa, na baada ya muda mstari unafunguka, uji unaingia, meza inaanza kunuka. Hatukuwa na mashine ya randa. Kupiga randa ya mkono kwenye mbao zote zile kungetumaliza mabega na muda. Kwa hiyo Njoroge aliamua ubavu utoke laini moja kwa moja kwenye msumeno, akaenda dukani akarudi na bledi mpya yenye meno themanini, madogo na yanayong'aa. "Hii ni smooth kama glasi," alituambia. Na kweli, alipokata kipande kidogo kwa kukingama, kilitoka kimesuguka. Sote tulipiga makofi.

Ajali ilitokea baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa napiga msasa miguu ya meza, na kabla sijaona chochote nilisikia mota ikibadilisha sauti, ikiguna kama mtu aliyebebeshwa gunia asilolimudu. Harufu ya mbao inayoungua ilinifikia. Njoroge alikuwa ameegemea mbao ndefu kwa kifua, anasukuma. Kisha ile mbao ikaruka, ikarudi nyuma ikagonga mabati ya ukuta kwa kishindo, na mkono wake, uliokuwa ukisukuma kwa nguvu zote, ukakosa kitu cha kusukuma. Nilifika mimi wa kwanza kwenye swichi. Bwana Swaleh alivua shati lake akaufunga ule mkono, huku akisema, "Niangalie mimi, Njoroge. Usiangalie huko. Niangalie mimi." Hospitali waliokoa mkono, lakini vidole viwili, cha mwisho na kinachokifuata, havikurudi.

Jioni hiyo nilibaki kufagia. Nilimwaga unga wa mbao juu ya damu, nikaukusanya, nikaumwaga tena. Ndipo nikasikia mazungumzo kupitia dirisha dogo. Bwana Swaleh alikuwa akiongea na mkewe kwa sauti ya chini, sufuria likichemka katikati ya maneno yao.

"Nitaiuza," alisema. "Kesho namwita mtu aje aichukue."

"Na kazi ya shule?"

"Nitawarudishia kazi yao."

"Na hawa vijana wako, Swaleh? Watakula wapi?"

"Afadhali wakose kazi kuliko wakose mikono. Mama yake Njoroge nitamtazama vipi?"

Nilimsikia Bi Mwanaidi akikoroga. Mpaka leo sijui ni nini kilichoninyanyua, kwa sababu mimi si mtu wa kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Niliweka fagio chini, nikazunguka nyumba, nikabisha hodi mlango wa jikoni. Maneno yalitoka yamesimama. "Mzee, naomba usiuze. Nipe nafasi nijue kwa nini mashine imeirusha mbao. Nikishajua, mimi ndiye nitakayepasua hizo mbao."

Aliniangalia. "Jerotich, na wewe nikikuumiza?"

"Ukiuza bila kujua, Mzee, yule atakayenunua ataumia badala yangu."

Bi Mwanaidi akageuka kutoka kwenye jiko. "Mpe mpaka mwisho wa mwezi," alimwambia mumewe. Akanipa sahani ya chakula niende nayo, kana kwamba jambo limekwisha.

Asubuhi nilichomoa waya ukutani, nikaufungua ule msumeno, kazi ninayoweza sasa kuifanya nikiwa nimefumba macho. Bledi mpya ilikuwa tayari imebadilika rangi, ina mabaka ya bluu kwa joto, na katikati ya meno yake madogo unga wa mbao ulikuwa umeshindiliwa ukakauka pamoja na utomvu. Niliuchokoa kwa msumari. Kisha nikachukua ile mbao iliyoruka. Ubavu wake mmoja ulikuwa mweusi, umeungua. Nikaivunja ncha yake, nikaitia mfukoni, nikaenda Kaptembwo kumwona Njoroge.

Chumba chake kilikuwa giza, pazia limefungwa mchana. Alikuwa ameketi kitandani, mkono umening'inizwa shingoni. Nilimpa maziwa lala niliyombebea. "Jero, usijisumbue," alisema. "Makosa ni yangu. Bledi niliichagua mimi. Niliambiwa meno mengi ndio smooth, nikaamini." Nilimwonyesha kipande kilichoungua. Alikishika kwa mkono wa kushoto, akakinusa, akanirudishia. Nilipokuwa nikitoka aliniuliza, "Ni ukweli unataka kuishika hiyo mashine?" Nikasema ndiyo. "Wewe ni kichwa ngumu," alisema, na hakikuwa kicheko, lakini kilikaribia.

Nilianzia dukani. Dada aliyeuza vifaa alinihakikishia kama alivyomhakikishia Njoroge: ukitaka ulaini, ongeza meno. Alinionyesha yenye meno mengi zaidi. Nikamshukuru, nikatoka na ile bledi iliyoungua ikiwa kwenye gunia, nikaipeleka karibu na reli, kwa Odhiambo, fundi aliyenoa misumeno ya nusu ya mji. Aliigeuza juani. "Madam, hii mlikuwa mnafanyia nini?"

"Kupasua saiprasi. Inchi mbili."

"Hii ni ya kukata. Nyinyi mnapasua." Aliona sijaelewa. "Ukikata sukuma wiki, unatumia nini?"

"Kisu."

"Na kuni?"

"Shoka."

"Basi. Ukikata mbao kwa kukingama unakata nyuzi, unataka meno mengi madogo. Ukipasua kwa urefu unatoa nyuzi ndefu ndefu, na hizo zinataka mahali pa kukaa zikingoja kutoka. Hapa zitakaa wapi?" Aliweka ukucha kwenye mwanya mdogo kati ya jino na jino. "Zinajaa, bledi inapata moto, mtu anasukuma zaidi. Unajua mwisho wake."

Nilijua. Nilimwambia kwamba sisi tulitaka ubavu laini wa kugundisha, si wa kuni. Akasema ulaini hautoki kwenye meno peke yake, akaniazima bledi kuukuu ya meno ishirini na manne, yenye mianya mikubwa kati yake, niende nikajaribu. "Na mashine yenu iangalieni," aliongeza. "Bledi haiwezi kunyoosha mashine iliyopinda." Nilitembea kurudi Bondeni na maneno hayo mawili yaliyogombana kichwani, la dukani na la relini, nikijua kwamba hakuna wa kunichagulia.

Siku ya kujaribu Bwana Swaleh alikataa mtu mwingine yeyote asimame kwenye swichi. Alisimama yeye mwenyewe, kidole juu yake, midomo ikisoma dua. Nilipandisha bledi mpaka meno yakazidi unene wa mbao kidogo tu, nikachukua kijiti cha kusukumia, nikasimama pembeni. Alipowasha, mwili wangu wote ulitaka kurudi nyuma. Niliuambia usirudi. Mbao iliingia, na ajabu ni kwamba haikupigana nami hata kidogo. Ilikwenda yenyewe kama imeitwa, bila moshi, bila ile harufu. Ilipotoka upande wa pili, Bwana Swaleh alizima mota.

Lakini tulipoinua kipande, ubavu ulikuwa na mikwaruzo iliyopinda, nusu duara baada ya nusu duara, kutoka mwanzo hadi mwisho. Bwana Swaleh alipitisha kidole akatikisa kichwa. "Haikuungua, alhamdulillahi. Lakini haiwezi kugundishwa hivi, binti yangu. Tumejaribu."

"Bado, Mzee," nikasema.

Nilikaa na kile kipande mpaka chai ya saa kumi ikapoa kando yangu. Mikwaruzo ilikuwa ya upande mmoja tu, ule uliopita kati ya bledi na fensi, ile reli ya chuma inayoongoza mbao. Na mipindo yake ilionyesha kwamba imechorwa na meno ya nyuma, yale yanayopanda wakati mbao imeshakatwa. Meno ya nyuma hayakutakiwa kuigusa kabisa. Nilichukua kijiti, nikakikata kikatoshea sawasawa kati ya fensi na jino la mbele. Nikakipeleka kwenye jino la nyuma. Kiligoma kuingia. Fensi ilikuwa imeegemea bledi kwa nyuma, kidogo sana, kiasi ambacho jicho lisingeona. Kila mbao tuliyokuwa tukipasua iliingia mahali penye nafasi ikabanwa mahali pa kutokea. Na mbao iliyobanwa na meno yanayozunguka kwa kasi ile ina njia moja tu, nayo ni kurudi ilikotoka.

Nilimwita Bwana Swaleh nikampa kijiti. Alikipitisha mbele, akakipitisha nyuma. Akarudia. Kisha akaketi juu ya rundo la mbao kama mtu aliyeishiwa nguvu ghafla. "Tulipohamisha mashine mwaka jana," alisema polepole, "fensi niliifunga mimi. Kwa mkono wangu. Sikupima." Alivaa kofia yake akatoka. Nilimfuata, kwa sababu sikupenda atembee peke yake akiwa hivyo, na ndivyo nilivyokuwepo mlangoni kwa Njoroge alipomwambia. Hakuzunguka. Alisema, "Mashine ilikubana kwa sababu yangu. Nimekuja kukuomba radhi, na gharama za nyumba yako ni zangu mpaka urudi kazini."

Njoroge alitazama bandeji yake. Nje watoto walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi. "Mzee," alisema, "mashine ilikuwa inalia kutoka asubuhi. Ilikuwa inaniambia nisimame. Mimi nikaongeza nguvu. Hii tugawane." Bwana Swaleh alimshika bega, na wanaume wale wawili wakakaa hivyo. Nimesikia watu wengi wakiomba radhi maishani mwangu, wengi wao wakiwa wanajitetea. Nikiulizwa leo kwa nini nilimheshimu Bwana Swaleh mpaka kaburini, nataja chumba kile.

Tuliinyoosha fensi. Mchomeleaji alitutengenezea kibati cha kusimama nyuma ya bledi, kinachozuia mbao isijifunge baada ya kupasuliwa. Nikarudi kwa Odhiambo kuuliza habari ya hatua ya mwisho, na tukakubaliana kwamba bledi ya meno ishirini na manne ni nzuri ya kupasulia haraka, lakini kwa ubavu wa gundi tupate yenye meno thelathini, mwili mnene usiotikisika, meno yake yakiwa yametokeza pembeni kidogo mno kiasi kwamba yanapopita yanasugua kama randa. Dukani hawakuwa nayo. Iliagizwa Nairobi, na Bwana Swaleh hakuuliza mara mbili.

Bledi ilipofika nilipasua vipande vitatu vya mbao moja: kimoja kwa ile ya themanini, taratibu sana, kwa kuwa nilitaka kuona kwa macho yangu, kimoja kwa ile ya kuazima, na kimoja kwa mpya. Nilivipeleka dirishani. "Bi Mwanaidi, fumba macho, utuchagulie." Alifuta mikono yake kwenye leso, akafumba macho, akapitisha kidole gumba. Cha kwanza alikunja uso: kilikuwa na mabonde pale kilipoungua, hata baada ya fensi kunyooshwa. Cha pili akasema, "Hiki si kibaya." Cha tatu alikipitia mara mbili, akafungua macho. "Hiki mmekipiga randa. Mnanidanganya." Bwana Swaleh alikata kile kipande katikati, akaweka ubavu kwa ubavu, akakiinua kuelekea mlangoni. Mwanga haukupenya popote. "Kaanze kazi," aliniambia.

Nilipasua mbao za shule mimi. Nilijifunza kwamba ulaini ni mwendo pia: ukisitasita katikati, bledi inaacha alama hapo hapo uliposita, ukikimbiza, inachana. Ilikuwa lazima niamue kabla mbao haijagusa jino, kisha niende mwendo mmoja mpaka mwisho. Siku ya tatu Njoroge alikuja kutusalimia. Nilipowasha mota aliondoka bila kuaga. Siku iliyofuata akaja tena, akasimama uani. Siku nyingine akasimama mlangoni. Halafu siku moja, nikiwa na mbao ndefu inayolemea upande wa pili, niliona mikono ikiipokea, mmoja mzima na mmoja wa vidole vitatu. Hakunitazama. Niliendelea kusukuma, yeye akaendelea kupokea, mpaka sahani zilipopitishwa dirishani.

Meza zilikwenda Kabazi kabla ya muhula kufungwa. Mwalimu aliyetupokea alitafuta viungo kwa vidole akavikosa, akatuuliza tulipata wapi mti mpana vile. Tulirudi Nakuru nyuma ya lori tukiimba. Mwisho wa mwaka Bwana Swaleh aliniita akaniambia kuanzia sasa mashine ni yangu kuiendesha, na mshahara ni wa mtu wa mashine. Kisha akamgeukia Njoroge, akamwambia kwa upole kwamba amemwandalia kazi ya kupokea wateja, kazi safi, isiyo na hatari.

"Asante, Mzee," Njoroge alisema. "Lakini mimi nataka kupasua."

Bwana Swaleh alinitazama. Nikamwambia, "Mwache, Mzee. Nitasimama naye."

Tulichonga kijiti cha kusukumia chenye mshiko mpana unaotosha mkono wake. Alikagua fensi kwa kipimo, mbele na nyuma, akapima tena. Akainamisha kichwa kuangalia urefu wa bledi. Nilienda upande wa kupokelea. Alipowasha, niliona jasho likimtoka kwenye paji la uso ingawa ilikuwa asubuhi ya baridi, na mbao ilibaki imetulia mbele yake kwa muda uliokuwa mrefu mno. Kisha akaisogeza. Ilikuja kwangu kwa mwendo mmoja, bila kusita, ikanijia mikononi ikiwa bado na uvuguvugu. Nikaipitishia kidole ubavuni, nikamwinulia aone.

Hakuangalia. Alikuwa ameshanyoosha mkono kuelekea rundo. "Leta ingine," alisema.